Salamu Hazikatwi Katikati

Umulkheir alikuwa na miaka minne kwenye runinga na hakuwa amemdanganya mtu hata mara moja, mpaka Jumanne ile alipoidanganya nchi nzima kwa maneno ya kweli matupu.

Tuanze na maneno yenyewe. Mvua ya Aprili ilikuwa imeshuka Isiolo kwa fujo, baada ya ukame uliowachosha watu hata kuuhesabu. Mto ukavimba, ukavunja ukingo wake pale Burat, ukajigawa mikono miwili na kuyazunguka mashamba fulani yaliyoinuka kidogo. Watu walilala wakulima, wakaamka wakaazi wa kisiwa. Mzee Waqo yeye alikuwa amekuja mjini kununua chumvi ya mbuzi. Aliporudi alikuta maji yamemtenga na mkewe Sabdio, na mbuzi wake, na majirani wake wote. Akaketi ukingoni juu ya gunia lake la chumvi, na hapo ndipo Umulkheir na mpiga picha wake, Gitobu, walipomkuta.

"Salaam aleikum, Mzee. Habari ya hapa?"

"Aleikum salaam. Nagaa, intala, binti yangu, nagaa tu. Hali ni nzuri. Mvua imekuja, Mungu amekumbuka sisi. Watu wazima, wanyama wazima. Nagaa."

Basi. Mtu yeyote aliyekunywa maji ya Isiolo anajua kwamba nagaa ni amani, na amani ndiyo hutangulia. Nyumba yako inaweza kuwa inawaka moto nyuma yako. Ukisalimiwa unajibu njema, unauliza ya mwenzako, mnapitia watoto, ng'ombe na malisho, halafu, salamu zikishatosheka, unasema: sasa, kuna moto kidogo pale. Kufanya kinyume ni kumrushia mgeni msiba usoni kabla hajaketi. Umulkheir, mzaliwa wa mtaa wa Wabera, mama yake Mborana na baba Msomali, alizipokea salamu zile bila hata kuzifikiria, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Kisha mzee akatoa habari: watu thelathini na nane wako ng'ambo, hakuna boti, maji yanapanda.

Gitobu alibadilisha betri pale pale katikati, kwa hiyo mahojiano yakawa vipande viwili: salamu kivyake, habari kivyake. Jioni mtandao ulikuwa wa kusuasua. Umulkheir alivituma vyote Nairobi. Cha kwanza kikapita. Cha pili kikazunguka, kikazunguka, simu ikaisha chaji, naye kwa uchovu akaamini kimekwenda. Mhariri wake, Kagure, mwanamke hodari ambaye hajawahi kusalimiana na mtu kwa zaidi ya sekunde nne, alipata kipande kimoja, akakisikiliza, akamshukuru Mungu kwamba watu wa Burat ni wazima, akakirusha kwenye taarifa ya saa tatu.

Asubuhi ya Jumatano simu ya Umulkheir ilikuwa imejaa. Mheshimiwa Gababo, mbunge aliyekuwa kitini, alikuwa amekisambaza kile kipande kila mahali: wananchi wenyewe wamesema ni nagaa, wanaolia mafuriko ni wachochezi. Mheshimiwa Abdirashid, aliyekitaka kiti hicho kwa roho na mwili, naye alikuwa amekisambaza kilekile: mzee amefundishwa la kusema, huko Burat watu wamekufa kwa mamia na wanazikwa kimyakimya. Mzee wa watu alikuwa ameonyesha adabu kwa sekunde kumi na moja, na tayari mafahali wawili walikuwa wanazipigania.

Hayo Umulkheir angeyameza. Lililomkata pumzi ni ujumbe kutoka kwa mkubwa wa shirika la uokoaji. Boti iliyokuwa ije Burat ingepelekwa kwingine, chini kabisa ya mto, safari ya siku nzima, "kwa kuwa tumeona katika taarifa yenu kwamba Burat hali ni nzuri. Asanteni kwa kazi njema."

Asanteni kwa kazi njema! Aliyasoma maneno hayo mara tatu, kisha akampigia yule mkubwa.

"Dada yangu," mkubwa alisema kwa sauti ya mtu asiyelala, "watu wa Gababo wamenipigia wakasema Burat ni shwari. Watu wa Abdirashid wamenipigia wakasema Burat ni makaburi. Kila kijiji kina mtu wa kunipigia. Nina boti moja. Nimeamua kuamini taarifa ya habari, kwa sababu nyinyi angalau mlikuwa na mzee mwenyewe."

"Mzee alikuwa anasalimia!"

"Nilimsikia kwa masikio yangu."

Simu ikakatika. Umulkheir akampitia Gitobu, wakakimbilia bohari ya shirika kule Chechelesi. Boti ilikuwa tayari imepakiwa kwenye lori na kufunikwa turubai, na bawabu alikuwa ameketi kivulini mwake, mguu juu ya mguu.

"Lori inatoka saa nane," bawabu alisema. "Dereva akishakula."

"Hiyo boti inahitajika Burat."

"Burat? Burat iko sawa. Si tuliona kwa TV?"

"Mimi ndiye nilikuwa kwa TV!"

"Basi si unajua iko sawa, dada."

Gitobu aligeuka akatazama ukuta, mabega yakimtetemeka. Alikuwa Mmeru mnene, mtulivu, aliyecheka kwa mwili mzima bila kutoa sauti. Umulkheir alitaka kumkasirikia akashindwa, naye akacheka, kisha machozi yakamtoka katikati ya kicheko.

"Maji yakimwagika hayazoleki, Gitobu. Watu thelathini na nane. Nimewauza kwa salamu."

"Wewe wacha hiyo maneno." Gitobu alijipangusa macho. "Hawa wote wanasema nini? TV imesema. Sawa. Si TV iseme tena? Taarifa ya saa saba tunaingia moja kwa moja, na leo mtandao umerudi."

Alikuwa bado anaongea simu yake ikalia. Alikuwa mama yake, kutoka juu milimani. Gitobu alisikiliza, uso ukabadilika. Kule juu, mama alisema, mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, mvua ya kung'oa migomba. Hakuna mtu Isiolo asiyejua hesabu hiyo: kinachonyesha Meru asubuhi kinafika Burat jioni. Kile kisiwa kilikuwa na saa chache. Lori lilikuwa linaondoka saa nane.

Walifika ukingoni saa sita na nusu. Loo, kulikuwa na sherehe! Gababo alikuwa amekuja na magari manne, amevaa gambuti mpya za mpira ambazo bado zilikuwa na karatasi ya bei. Abdirashid alikuwa amekuja na matano, amevaa koti la kung'aa, lile la watu wa kujenga barabara. Kila mmoja alikuwa na rundo lake la unga, na kila gunia lilikuwa na uso wa mwenyewe, akitabasamu. Magunia yalikuwa yamepangwa upande huu wa mto, ambako hakuna mtu mwenye njaa, yakiielekea barabara ambako kamera ingetokea. Wenye njaa walikuwa ng'ambo, mita mia mbili za maji mekundu, wadogo kwa umbali, wakipunga kanga kwenye fito.

Mzee Waqo alikuwa amesimama peke yake, na gunia lake la chumvi. Vijana walikuwa wamemwita "Mzee Nagaa" asubuhi nzima. Alipomwona Umulkheir hakumsalimia, na kwa mzee wa Kiborana hilo ni zaidi ya tusi.

"Nani alikata mdomo yangu?" aliuliza.

Umulkheir angeweza kusema mtandao. Angeweza kusema Nairobi.

"Ni mimi, Mzee. Nilituma salamu zako zikafika, habari yako ikabaki. Sikuhakikisha. Nimekuja unisaidie kurekebisha."

Mzee alimtazama kitambo. Kisha akautazama mto.

"Mimi nikianza kuongea naanza na salamu," alisema. "Siwezi kuongea kama mtu amefukuzwa na mbwa. Utanikata tena?"

"Sitakukata."

"Apa."

"Wallahi, Mzee. Hata wakinifuta kazi."

Hilo la kufutwa kazi lilimtoka tu, lakini halikuwa mbali. Alipovaa kile kidude cha sikioni, Kagure alikuwa tayari anawaka.

"Umul, nimekupa dakika nne. Nimeshatangaza: Gababo na Abdirashid, uso kwa uso, ukingoni mwa mafuriko. Wapange kushoto na kulia. Wakigombana usiwaamue."

"Kagure, sina nafasi ya hao. Nina Mzee Waqo."

"Yule wa jana? Huyo tayari alisema wako sawa!"

"Alikuwa anasalimia. Leo atasema habari. Na itachukua muda kidogo, kwa sababu atasalimia tena."

"Umulkheir," Kagure akasema polepole, na alipotumia jina zima mambo hayakuwa mazuri, "dakika nne za saa saba si baraza la kahawa."

"Nakuomba. Usinikate katikati. Jana tulimkata katikati, na boti ikapewa wengine."

Umulkheir akasikia tu muziki wa taarifa ukianza.

Gitobu alikuwa ameshaisimika kamera yake, na hapo alifanya ujanja wake. Aliielekeza majini. Aliyetaka kuonekana ilibidi ashuke kwenye matope, asimame mbele ya mto, na magunia yabaki nyuma ya kamera. Waheshimiwa walikitazama kile kioo kilivyogeuka, wakatazamana, wakashuka. Gambuti zilifyonzwa. Koti la kung'aa likarukiwa na tope la kwanza. Walijipanga mmoja kulia, mmoja kushoto, wakivuta matumbo ndani.

"Tuko hewani," Kagure alisema sikioni.

"Salaam aleikum, Mzee Waqo," Umulkheir alisema.

"Aleikum salaam, intala. Nagaa?"

"Nagaa, Mzee. Nagaa kwako?"

"Nagaa. Watu ya nyumbani wazima?"

"Wazima."

"Mama ako?"

"Mama mzima, anakusalimia."

"Fayaa, uzima tu. Mvua imefika kwenu Wabera?"

"Imefika, Mzee, tunashukuru."

"Ng'ombe?"

"Hatuna ng'ombe, Mzee. Tuna mbuzi wawili."

"Wazima?"

"Wazima wote wawili."

"Sekunde arobaini," Kagure alisema sikioni. "Umul, unaniua. Mbuzi wawili!"

Lakini Umulkheir alikuwa ameapa, na isitoshe kitu fulani kilikuwa kinamtokea. Moyo ulikuwa umemtulia. Mzee hakuwa anapoteza muda. Alikuwa anafungua mlango, ubao kwa ubao, kama inavyofunguliwa stoo ya nafaka, na ukimharakisha utaangukiwa. Akajibu la mwisho kwa sauti kamili.

Hapo ndipo mzee alipogeuka kulia.

"Gababo, mwanangu. Nagaa?"

Mheshimiwa alishtuka. Alikuwa na hotuba mdomoni, imeiva. Lakini yeye pia ni mtu wa hapa, na mbele ya nchi nzima, wapiga kura wake wote wakitazama, mtu anayeruka salamu ya mzee amejichimbia kaburi. "Nagaa, abba," alisema. "Nagaa. Nyumbani fayaa. Na kama mnavyojua, serikali yetu ime..."

Mzee aliinua fimbo. "Salamu bado."

Mtu mmoja kule nyuma alicheka, kisha wote. Gababo akafunga mdomo. Mzee akamaliza naye, ng'ombe wake wote, mama yake mzazi, mpaka kisima chao cha zamani. Kisha akageuka kushoto, kwa Abdirashid, ambaye alikuwa ameshajifunza kutokana na balaa la mwenzake na akajibu kwa heshima kama mwanafunzi wa madrasa: wazima, wazima, nagaa, alhamdulillahi.

"Dakika mbili na sekunde kumi," Kagure alisema. Kisha, kwa sauti nyingine kabisa: "Hebu ngoja. Huku chumba cha habari watu wameacha kuchapa. Endelea."

Mzee Waqo aliishika fimbo kwa mikono miwili, akaisimamisha mbele yake.

"Sasa habari," alisema.

Na iliposemwa "sasa habari", hakuna aliyefungua kinywa, wala mheshimiwa wala mwananchi. Habari ya mzee husikilizwa mpaka mwisho. Hivyo ndivyo tulivyolelewa.

"Mvua imekuja. Hiyo ni neema, mimi siwezi kutusi mvua. Miaka tulilia yeye. Majani itatoka, ngamia itanenepa, watoto watakunywa maziwa. Hiyo ni moja. Maji imetoka njia yake. Hiyo ni mbili, na hiyo ndio shida. Watu wasichanganye hizo mbili. Nikisema nagaa, si uongo. Nikisema shida, si uongo."

"Ng'ambo kuna watu wangapi, Mzee?"

"Thelathini na nane. Borana kumi na tisa, Wameru kumi na moja, Waturkana nane. Watoto ni kumi na nne. Mzee Dabaso hana miguu, anabebwa. Bibi yangu, Sabdio, yuko pale na hiyo kanga ya kijani."

"Kuna aliyekufa?"

"Hakuna mtu. Kuku ya Kajuju, saba. Nani amesema mamia?"

Abdirashid akaanza kuchunguza viatu vyake.

"Muulize anamlaumu nani!" Kagure alinong'ona sikioni. Umulkheir alilisikia, akaliacha lipite.

"Mzee, jana maji yalikuwa wapi, na sasa yako wapi?"

Mzee aliinyosha fimbo. Gitobu akaifuata kwa kamera. Kulikuwa na mgunga katikati ya maji. "Jana jioni ilikuwa kwa mizizi. Leo asubuhi, hapo kwa magoti ya mti. Saa hii imefika panda ya kwanza. Na milimani inanyesha. Ikifika panda ya pili, hakuna mahali ya kusimama."

"Wanahitaji nini?"

"Boti na kamba ndefu. Kabla ya jua kuteremka." Akageuka akatazama nyuma ya kamera. "Unga hapana. Unga iko nyingi, imekaa hapa inacheka. Lakini wale watu wako kule."

Umulkheir alitazama lenzi. Aliisema mwenyewe, bila karatasi, kwa maneno machache aliyoyaweza.

"Jana tulirusha salamu za Mzee Waqo tukaacha habari yake. Kosa ni langu. Habari ni hii mliyoisikia. Boti iko Chechelesi, juu ya lori, na lori hilo linaondoka saa nane kwenda kwingine. Kutoka Burat, mimi ni Umulkheir."

"Mmekula dakika sita na nusu," Kagure alisema. "Nimeitupa michezo yote." Akapiga chafya, au labda haikuwa chafya. "Na mimi sijampigia mamangu mwezi mzima. Kazi nzuri. Sasa tuonyeshe boti."

Boti. Saa saba na nusu ilipita. Gababo alijaribu kuhutubia watu waliokuwepo, ila kila alipofungua mdomo kijana mmoja alipaza sauti, "Salamu bado!" akashindwa. Saa nane kasoro kumi. Umulkheir alikuwa amekata tamaa na kuacha kuitazama barabara, kwa hiyo ni masikio yaliyolipata lori kwanza: honi ndefu, ya mtu anayekuja harusini.

Dereva aliruka chini kabla lori halijasimama sawasawa. Aliitwa Mbae, na mkono wake wa kulia ulikuwa bado una supu.

"Nilikuwa hotelini nakula," alisema, akihema. "Huyu mzee akaanza kusalimia. Hoteli yote ikanyamaza. Mama wa ugali akawa anamjibu kwa TV! Aki nilimpigia mkubwa nikamwambia, washa TV haraka. Akawasha, akasikiza, akaniambia, Mbae, mbona bado uko hapo? Nikaacha nyama kwa sahani. Nyama, bwana!"

Kazi ilikuwa kubwa kuliko boti. Maji yalikuwa yakivuta sana, na ili boti isichukuliwe ilibidi ishikwe kwa kamba kutoka ukingoni, na kamba ikataka watu. Wa kwanza kuishika alikuwa Mbae. Wakaja wakulima, wakaja wanajeshi watatu waliokuwa mapumzikoni, akaja muuza miraa aliyekuwa anapita tu. Na baadaye kidogo, kwa sababu kila mtu mwenye mikono miwili alikuwa anavuta na kusimama kando kulianza kuonekana vibaya, Gababo na Abdirashid wakaja wakashika, mmoja nyuma ya mwenzake. Gambuti moja ya Gababo ikabaki matopeni. Safari ya pili Abdirashid alivua lile koti, akalifunga kwenye kamba pale ilipokuwa inawakata watu viganja. Umulkheir aliliona hilo, akaliandika kwenye daftari, bila kuongeza chumvi na bila kupunguza.

Aliyaandika majina ya wote waliovuta. Gababo, jasho likimtiririka, alichungulia.

"Mbona yeye ndiye wa kwanza?"

"Nimepanga kwa alfabeti, mheshimiwa. Ni A."

"Hata alfabeti ina chama siku hizi?" Gababo alisema, na Abdirashid akacheka mpaka akakaribia kuiachia kamba, wakakaripiwa wote wawili na Mbae kama watoto.

Safari ya kwanza walikuja watoto wadogo na Mzee Dabaso mgongoni mwa mtu. Ya pili, ya tatu, ya nne. Kila boti ilipogusa ukingo watu walipiga vigelegele, Waturkana wakaanza kuruka kwa wimbo, na Kajuju, yule wa kuku, alishuka akiwa amemshika jogoo mmoja aliyenusurika na kumwinua juu kama kombe. Maji yalikuwa yamefika juu ya panda ya kwanza. Umulkheir alikuwa anahesabu kwa midomo. Thelathini. Thelathini na tatu. Mbuzi waliogelea wenyewe nyuma ya boti, wakilalamika. Mzee Waqo hakuhesabu. Alikuwa ameingia majini mpaka kiunoni na hakuna aliyeweza kumtoa.

Safari ya mwisho ilikuwa na watu watano, na kanga ya kijani.

Sabdio alishuka kwa mguu wake, mwanamke mrefu, mkavu, aliyelowa kutoka kichwani hadi unyayoni. Mzee Waqo alifungua mdomo. Mchana ule alikuwa ameitawala nchi nzima kwa maneno, na sasa hakuna hata moja lililotoka. Mkewe alimtazama kutoka juu hadi chini.

"Na chumvi?" alisema.

"Iko," alisema mzee. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Vizuri." Akamshika mkono, mbele ya watu wote, jambo ambalo majirani wanasema hawakuwahi kuliona kwa miaka arobaini, akamtoa majini. Kisha akageuka.

"Yuko wapi msichana wa TV? Tulikuwa na redio kule, ikarudia maneno ya TV. Jana tulisikia."

Umulkheir alisonga mbele. Alikuwa amejiandaa kwa lolote. Alikuwa na matope mpaka mapajani, hijabu imekaa upande, na alijua kabisa kwamba mama huyu alikuwa amelala macho usiku kucha, akitazama maji, akijua kwamba nchi nzima imeambiwa yeye hana shida. "Ni mimi, mama," alisema. "Nisamehe."

Sabdio alimtazama sana. Alimtazama midomo iliyokauka.

"Huyu mtoto," alisema, "amekula?"

Hakuna aliyekuwa amemwuliza, wala yeye mwenyewe. Hakuwa amekula tangu Jumanne mchana. Sabdio akafungua kanga yake iliyofungwa mgongoni, akatoa kibuyu. Maziwa ya mbuzi; ndiyo yaliyowaweka hai kule, na hicho ndicho kibuyu cha mwisho. Akang'oa kifuniko, akamwekea mikononi.

"Kunywa. Yote. Usiniachie."

Umulkheir aliinua kibuyu. Maziwa yalikuwa ya uvuguvugu, yana harufu ya moshi, na kwenye funda la pili alianza kulia, akaendelea kunywa akilia. Sikioni alimsikia Kagure akihesabu, tatu, mbili, moja, na kusema, "Umul, uko hewani." Hakuwa na la kufanya. Alimtazama Sabdio, na Sabdio akatikisa kichwa: bado.

Gitobu aliiweka kamera imara begani. Akatoa kichwa pembeni kidogo, akasema kwa sauti ya kutosha kufika Nairobi, "Mtusamehe, wananchi. Wote thelathini na nane wamevuka. Mwandishi wetu anakunywa maziwa."

Na nchi nzima ikamngoja amalize.